Mkandaji wa Jericho

Dishon alilimeza neno lile tangu mtaa wa Jericho, akatembea nalo Barabara ya Jogoo nzima, na nyumba za kwanza za Makongeni zilipoonekana ndipo akalitema.

"Kavutha, mpenzi. Mathe akikuuliza unafanya kazi gani, sema tu unashona nguo."

Kavutha akasimama pale pale. Alikuwa amevaa gauni la samawati alilolipiga pasi mara mbili, na begani alining'iniza kiondo chenye sukari, majani ya chai na machungwa ya Machakos. Ilikuwa Jumapili ya kwenda kuonwa na wazazi wa Dishon, siku ambayo msichana hulala akiiota na kuamka akiiogopa.

"Nashona nguo gani?" akauliza.

"Zozote. Sema sketi."

"Na akinipa sindano?"

"Leo Jumapili, bana. Nani atakupa sindano?"

Dishon akacheka. Akacheka peke yake mpaka kicheko kikamwishia, maana Kavutha alikuwa akimtazama kwa macho yale yale aliyotazamia vifundo vya migongo ya watu, macho yanayojua mahali panapouma kabla hujasema.

"Dishon, hiyo shingo unayoigeuzageuza kuangalia kama kuna mtu anatusikia, ni nani aliyeinyoosha?"

Dishon akaishika. Miezi minane kabla alikuwa amebisha mlangoni mwa Kavutha kichwa kikiwa kimeinamia upande mmoja, karani mzima wa kiwanda cha sabuni akitembea kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Alikuwa hajalala siku tatu. Kavutha alimkalisha kwenye kigoda, akamwekea kiganja kimoja shingoni, akangoja. Ilipopita nusu saa, Dishon aligeuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, kisha akaigeuza nyuma kumwona aliyemfanyia vile. Hakuwahi kuigeuza pengine tena.

"Si mimi ninayeona haya," alisema sasa, sauti ikiwa chini. "Ni mathe. Akisikia kukanda, atawaza mambo ya wale wanawake wa vyumba vya River Road."

"Na wewe unawaza nini?"

"Mimi naijua kazi yako."

"Kama unaijua, mbona unaificha?"

Kavutha hakuionea haya kazi yake, na hakuona ni kwa nini angeionea. Aliirithi kwa susu yake, bibi Ndindi wa Mbooni, mwanamke ambaye watu walivuka mito miwili kumfuata. Susu alimfundisha kwamba mwili wenye maumivu ni mwili wenye hofu, na mwenye hofu hashikwi kwa nguvu. Unaweka kiganja chenye mafuta ya mbarika, unangoja. Mwili wenyewe ndio utakaokufungulia. Chumbani mwake Jericho mlango haukufungwa kamwe, pazia tu ndilo lililoshushwa. Wanaume walibaki na suruali na fulana zao, wanawake na leso zao. Mutisya, dereva wa lori, aliingia akitambaa akatoka akipiga mluzi. Mama mmoja wa sokoni alilala kifudifudi akalia robo saa nzima bila kuumwa popote, akainuka akasema hajawahi kulia hivyo tangu amzike mumewe. Ndiyo kazi hiyo. Eti aiite sketi!

"Nitaingia kwenu, Dishon," alisema, akikiweka kiondo vizuri. "Lakini nitaingia na mikono yangu yote miwili."

Akatangulia mbele. Dishon akamfuata akiwa amenywea, lakini macho yake yalikuwa kwenye mgongo ule ulionyooka, na moyo wake, mwoga kama ulivyokuwa, ulijaa fahari.

Nyumba ya akina Dishon ilikuwa kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Mama yake, Beldina, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dishon, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya na kilemba cheupe cha kanisani. Alimshika Kavutha mikono, akamkalisha kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, akaenda kukagua kuku jikoni akarudi. Kavutha alimwangalia akienda na akirudi. Bega la kulia lilikuwa limepanda karibu na sikio. Mama huyu hakuigeuza shingo. Alipotaka kumtazama mtu, aligeuka mwili wote kama kabati linalohamishwa.

Mezani palikuwa na kisahani kimefunikwa.

"Hiyo ni firigisi ya mzee," alieleza Mama Dishon. "Ametoka kidogo kumwona mgonjwa, sasa hivi atarudi. Kunywa chai, mwanangu. Wazazi hawajambo huko Ukambani?"

"Hawajambo, mama."

"Dishon ameniambia wewe ni mtu wa kanisa."

"Ndiyo, mama."

"Na kazi? Maana siku hizi Nairobi mke asiye na kazi ni mzigo. Unafanya kazi gani?"

Dishon akakohoa. "Mathe, yeye anash..."

"Nakanda watu, mama," akasema Kavutha.

"Unakanda nini?"

"Watu. Migongo, mabega, shingo. Wenye maumivu, na wengine ni mawazo tu yamewajaa mwilini."

Mama Dishon aliiweka birika chini taratibu. "Wanawake?"

"Wanawake na wanaume."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga.

"Dishon," alisema mama, na ili amtazame mwanawe ikabidi ageuke na kiti. "Umeniletea nini nyumbani?"

"Mathe, si hivyo unavyofikiria..."

"Sijafikiria kitu, nimesikia! Msichana anashika migongo ya wanaume. Nitawaambia nini akina mama wa kanisa? Nitawaambia nini ndugu zangu Bungoma?"

"Mama," alisema Kavutha, na sauti yake haikupanda wala kutetemeka, "mimi sishiki wanaume. Nashika maumivu. Nikiyakuta kwa mwanamume, nayashika huko huko. Nikiyakuta kwa bibi kizee, nayashika. Sijawahi kumgusa mtu kwa namna ambayo nisingependa mama yangu mzazi aione."

Mama Dishon alifungua kinywa kujibu, na hapo mlango ukafunguliwa.

"Mulembe humu ndani," ilisalimu sauti nzito. Kisha ikakatika.

Kavutha aliinua macho. Kwanza hakumtambua, maana mtu huyu alimjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso. Aliutambua mkono wa kushoto uliotangulia kushika mlango ili wa kulia upumzike. Akalitambua koti.

Alikuwa ni Mzee Nabiswa wake wa Jumamosi.

Miezi mitatu alikuwa akija Jericho, saa nane kamili, kofia mkononi. Miaka ishirini na sita ya kuunga mabehewa ilikuwa imelikamata bega lake la kulia kama chuma kilicholiwa na kutu. Hakuwahi kusema anakaa wapi wala ana watoto wangapi. Alisema jina lake, akalala kwenye mkeka, akageuza uso ukutani. Na Dishon naye, katika miezi minane ya mapenzi, hakuwahi kumtaja baba yake kwa jina. Alimwita mzee, kama kila kijana anavyomwita wake. Kavutha angejuaje?

Mzee naye alikuwa amesimama mlangoni, macho yamemtoka.

"Ingia, Baba Dishon," mkewe akamwambia. "Na usimpe mkono. Mkwe hapewi mkono, japo sijui kama hapa kuna mkwe."

Mzee akaurudisha mkono mfukoni haraka. Akaketi kwenye kiti chake, akafunua kisahani, akaanza kula firigisi bila kumtazama mtu.

Kavutha alielewa yote kwa mara moja. Baba mkwe na mke wa mwana hawagusani. Ni hivyo kwa akina Dishon, Wabukusu, na ni hivyo kwao Ukambani, ambako heshima hiyo inaitwa nthoni na mtu huweza kuacha njia kwa ajili yake. Yeye alikuwa amemgusa mzee huyu Jumamosi kumi na mbili. Likisemwa, hakuna harusi. Lisiposemwa, kazi yake ingetukanwa mbele ya mtu aliyeponywa nayo.

"Baba Dishon," mama aliendelea, "binti huyu kazi yake ni kukanda wanaume kule Jericho. Sasa wewe niambie, mwanamume mwenye akili timamu, mwenye mke nyumbani, anaweza kwenda kulala kwenye mkeka akandwe na msichana?"

Firigisi ikampalia mzee. Alikohoa mpaka Dishon akamletea maji.

"Ona, hata wewe imekushtua," alisema mama. Akageuka, kiti na yote, kumkabili Kavutha. "Haya. Nitajie mmoja. Mwanamume mmoja mwenye heshima zake aliyewahi kuja kwako. Mtaje nimjue, nami nitanyamaza."

Mmoja alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, na glasi ya maji mkononi. Kumtaja kulikuwa rahisi kama kupumua. Kavutha aliiangalia ile glasi, akaukumbuka mgongo ule ulivyokuwa Jumamosi ya kwanza, jinsi mzee alivyouma leso kwa meno ili asipige kelele mbele ya mtoto wa kike.

"Siwezi, mama."

"Huwezi kwa sababu hayuko."

"Yuko. Lakini anayelala kwenye mkeka wangu huliacha jina lake hapo hapo. Susu yangu alikufa na majina ya watu wa Mbooni yote kifuani, hakutoa hata moja. Mimi siwezi kuanza kuyatoa ili nipate mume."

Akasimama. Akakichukua kiondo, akakiweka juu ya meza kwa mikono miwili. "Machungwa ni yenu, mama. Asante kwa chai." Akamtazama Dishon, mara moja tu, na macho hayo yalibeba kila alichokuwa akikipenda kwa mtu yule, kuanzia ile shingo. Kisha akaelekea mlangoni, kichwa juu.

"Kavutha, ngoja!" Dishon aliruka akasimama kati yake na mlango. Uso ulikuwa umemwiva. "Mathe, mimi ni mmoja. Shingo yangu ilipokataa kugeuka, ni yeye. Nilimwambia aje hapa aseme anashona, akakataa. Mwenye haya ni mimi, si yeye. Yeye hana kitu cha kuonea haya."

"Wewe ni mtoto," mama akamkata. "Nimesema mwanamume mwenye heshima zake."

"Basi ni mimi," ikasema ile sauti nzito.

Mama Dishon hakuweza kugeuka haraka. Kiti kililia kwanza.

"Wewe nini?"

"Mimi, Beldina." Mzee aliiweka glasi mezani. "Jumamosi zote hizi sijala nyama sokoni Burma kama nilivyokuambia. Sijafika Burma tangu mwezi wa nne. Nilikuwa Jericho, kwa huyu binti. Sikujua kwamba ni wa Dishon, naye hakunijua. Ameniona naingia, amesikia unavyomsema, na bado hakunitaja."

"Na kwa nini ulinificha?"

"Ningekuambiaje kwamba Nabiswa hawezi kuinua mkono? Unadhani niliacha kuvaa kofia kwenda kanisani kwa nini? Ningeivua kwa kushoto mlangoni mwa kanisa? Kwa mkono wa kulia ilikuwa haifikiki."

Akainuka. Akaunyoosha mkono wa kulia polepole, juu ya bega, juu ya kichwa, mpaka vidole vikaigusa redio iliyokaa kileleni mwa kabati. Akauacha pale, ili kila mtu auone.

"Kofia ilirudi mwezi wa sita," alisema mkewe kwa sauti ndogo. "Nikadhani ni maombi yangu."

"Maombi yalikuwepo. Mikono ilikuwa ya huyu."

Lakini Beldina alikuwa mwanamke mwepesi wa akili, na furaha ilipotaka kumwingia ikakutana na jambo jingine mlangoni. Akashika kifua. "Basi amekushika! Mke wa mwanao amekushika mgongo! Dishon, mwanangu, mambo yameisha. Hata kama sasa ningetaka, haiwezekani tena."

Kavutha mwenyewe aliinamisha kichwa, maana ilikuwa kweli. Dishon alimshika vidole kisirisiri nyuma ya mgongo, akavishika kwa nguvu kama mtu anayeaga.

Mzee aliushusha mkono wake.

"Alinishika nikiwa mgonjwa wake, sikuwa mkwe," alisema. "Kosa la kutojua lina njia yake. Nitakwenda nyumbani Bungoma, nitawaambia wazee mwenyewe kwa mdomo wangu, na wakinitoza kondoo nitatoa kondoo. Kutoka leo binti huyu hanigusi tena mpaka naingia kaburini."

"Na bega?" akauliza mkewe.

"Bega litarudi lilikotoka. Nimeishi nalo, nitaendelea kuishi nalo." Alijaribu kutabasamu. "Bora Dishon aoe. Kofia nimeivaa vya kutosha."

Kavutha alilijua bega lile. Lilihitaji miezi mingine miwili, na bila mikono lingefunga tena kabla ya Krismasi. Mzee alikuwa akiununua ukwe wake kwa maumivu yake mwenyewe. Na hilo Kavutha, kwa jinsi alivyofundishwa, hakuweza kulipokea.

"Bega halirudi," alisema. "Dishon, vua koti. Kunja mikono ya shati, unawe."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi simgusi mzee. Wewe ni mwanawe, nani atakukataza? Nitakufundisha." Akafikiri kidogo. "Ila kazi hii haifundishwi kwa mdomo. Nahitaji bega la kukuonyeshea." Akamgeukia Mama Dishon. "Mama, mimi na wewe hatukatazwi."

"Mimi siumwi popote!"

"Mama, tangu niingie hujageuza shingo. Kila unayetaka kumwona unamgeukia na kiti."

Mzee Nabiswa akacheka, kicheko kikubwa cha watu wa reli. Mkewe akamkodolea macho. Alitamani kukataa, na kila mtu aliona anavyotamani, lakini alilitazama lile bega la mumewe, kisha akavuta kiti.

"Ni kwa ajili ya Baba Dishon tu," alisema. "Msije mkasema nilitaka."

Viti viwili vikawekwa sambamba. Mzee kimoja, mama kingine. Mafuta ya mbarika Kavutha alikuwa nayo, kichupa kidogo ndani ya mfuko wa gauni, maana hakuwahi kutoka bila kuwa nayo. Akasimama nyuma ya mama, Dishon akasimama nyuma ya baba.

"Weka kiganja hapa. Kizima, usiweke vidole peke yake."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa usibonyeze."

"Nifanye nini basi?"

"Ngoja."

Dishon alingoja kidogo, akachoka, akabonyeza. Baba yake akaruka. "Hilo ni bega, si behewa!"

"Ngoja, Dishon," alisema Kavutha kwa upole. "Wewe una haraka, yeye ana hofu. Mwache akuzoee. Pumua naye. Ukisikia pamelegea chini ya kiganja, ndipo unasogea, kama unavyolainisha unga wa chapati."

Dishon akainua macho. Juu ya vichwa vya wazazi wake aliitazama mikono ya Kavutha, mikono ileile aliyotaka kuificha ndani ya sketi za kubuni, ikizunguka taratibu kwenye bega la mama yake. Kisha akamtazama machoni. Hakusema samahani. Aliiga alichokiona, duara kwa duara, kwa makini ya mtu anayejifunza kusali, na Kavutha akamsamehe pale pale.

"Hapo," mzee akanong'ona. "Hapo, mwanangu."

Chini ya mikono ya Kavutha bega la Mama Dishon lilibishana muda mrefu. Lilikuwa bega lenye kiburi. Kisha, bila kuaga, likashuka. Kilemba kikainama mbele. Pumzi ndefu ikamtoka mama yule, na nyuma yake chozi, na hakulifuta.

Mlango ulikuwa wazi, kama Kavutha alivyozoea, na hapo ndipo jirani yao Nasike alipopitisha kichwa. Alikuwa mwanamke ambaye habari ikipita kwake asubuhi, mchana imefika Kaloleni.

"Hodi! He! Kuna nini hapa? Na mgeni huyu ni nani?"

Kavutha alihisi mikono yake inataka kusita. Akamwangalia Dishon.

Dishon hakuigeuza shingo kutafuta nani mwingine anasikia. Alijibu kwa sauti ya kufika mwisho wa safu ya nyumba, viganja vyake vikiwa bado begani mwa baba yake.

"Huyu ni Kavutha, mchumba wangu. Kazi yake ni kukanda watu, na mimi ndiye mwanafunzi wake."

Nasike akashika mdomo, akamtazama Mama Dishon, akingoja moto uwake.

Mama Dishon hakufungua hata macho. Alichofanya ni kuigeuza shingo kuelekea mlangoni, yenyewe, bila kiti.

"Nasike," alisema, "kama una bega linalokuuma, subiri nje. Mke wa mwanangu hajamaliza na mimi."